Paka Mpaka Ukingoni: Mwongozo Kamili wa Siagi na Mafuta Mengine Kwenye Sandwichi

Kesho asubuhi ukikaa kunywa chai, fanya hivi. Chukua slesi mbili za mkate uleule. Moja ipake Blue Band pande zote, nyingine iache kavu. Subiri chai ipoe kabisa, uzichovye zote mbili kwa pamoja, hesabu mpaka tano, uzitoe. Ile kavu itakuwa imeshakunywa chai mpaka inainama yenyewe mkononi, na usipowahi mdomoni itakatika na kudumbukia kikombeni. Ile iliyopakwa itatoka imesimama, chai ikiteleza juu yake kama mvua kwenye jani la mgomba. Sasa rudia kwa chai ya moto kabisa. Safari hii hata iliyopakwa inalegea haraka, na juu ya chai vinaelea vile viduara vya njano ambavyo sote tulivikimbiza kwa kijiko tukiwa watoto. Ile ndiyo kinga yako imeyeyuka na kuondoka.

Sehemu kubwa ya somo iko hapo kikombeni. Mafuta kwenye mkate wa sandwichi kazi yake ya kwanza ni kuzuia maji, na yanaifanya kazi hiyo yakiwa yameganda juu ya mkate kama tabaka. Yakiyeyuka, kazi imekwisha. Utamu upo, nitaufikia, lakini unakuja nyuma.

Mimi naandaa chakula cha boksi hapa Moshi: cha wageni wanaopanda mlima Kilimanjaro, na siku za shule cha watoto kadhaa wa mtaani kwetu Majengo. Oda yangu ya kwanza ya mlimani ilikuwa sandwichi 24 za kuku, nyanya na tango. Niliziandaa saa tatu usiku, zikaondoka saa mbili asubuhi, zikaliwa saa saba mchana msituni, juu ya geti la Machame. Jioni mwongozaji akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wamekula?"

"Wamekula mama, ila mgeni mmoja aliomba kijiko."

Nilicheka kwa aibu, kisha nikakaa kitandani nikajiuliza nimekosea wapi. Siagi nilikuwa nimepaka. Tatizo ni kwamba nilipaka katikati tu, kidonge kimoja kama muhuri wa posta, pembeni kote pakabaki pakavu. Maji ya nyanya hayana haja ya kupita katikati wakati pembeni pako wazi.

Kwanza elewa maji yanatoka wapi

Nyanya kwa uzito ni karibu asilimia 95 maji. Tango limeizidi kidogo. Ukinyunyizia chumvi, na nani asiyenyunyizia, chumvi inayavuta maji hayo nje. Angalia kachumbari iliyokaa nusu saa, chini ya bakuli pana supu. Supu hiyohiyo inatoka ndani ya sandwichi yako, ila yenyewe haina bakuli, ina mkate. Na mkate ni sifongo iliyookwa, una vitundu vinavyosubiri kitu cha kunywa.

Siagi ya kawaida ni takriban asilimia 80 mafuta, na maji yake ni kama asilimia 16. Mtu atauliza, kama ina maji inazuiaje maji? Jibu liko kwenye mpangilio. Ndani ya siagi, maji yako katika vitone vidogo sana vilivyozungukwa na mafuta kila upande. Kinachogusa mkate ni mafuta. Majarini yenye mafuta kamili imepangwa vivyo hivyo.

Mayonizi ni kinyume chake, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ina mafuta mengi kweli, nyingine zinafika asilimia 70 na zaidi, lakini vitone vya mafuta ndivyo vinavyoogelea ndani ya maji na siki, vikishikiliwa na kiini cha yai. Kwa hiyo kinachogusa mkate ni upande wa maji. Ndiyo maana sandwichi iliyopakwa mayonizi peke yake ikikaa inalowa, hata kama mkono wako ulikuwa mzito. Mayonizi ni kiungo. Ukiitaka, paka siagi kwanza iwe ukuta, mayonizi ije juu yake.

Kazi nyingine za mafuta nitazipitia haraka. Yanashikisha: vipande vya kuku na majani ya saladi havimwagiki mapajani mtu akiuma. Yanalainisha mdomo: mkate mkavu unakausha mate, na mtu aliyetembea saa nne kwenye hewa baridi hana mate ya kugawa. Yanabeba harufu, maana harufu nyingi za chakula zinayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na ndiyo sababu kipande cha kuku kwenye mkate uliopakwa kinanoga kuliko kilekile kwenye mkate mkavu. Halafu mikate yetu mingi ya slesi ina sukari inayosikika. Siagi yenye chumvi inaituliza sukari ile. Wadenmark, watu wa baridi na maziwa mengi, mkate wao maarufu wa kupangia vitu juu wanauita smørrebrød, yaani mkate wa siagi. Samaki na nyama vinavyowekwa juu havikutajwa kwenye jina, siagi imetajwa.

Hatua ya 1: Uliza italiwa saa ngapi

Kabla ya kufungua kopo lolote, jiulize ni muda gani utapita kati ya kisu chako na mdomo wa mlaji. Mkate na mayai ya moto unaoliwa papo hapo stendi hauhitaji siagi ya kinga, hauna muda wa kulowa. Sandwichi ya saa moja au mbili inataka tabaka jembamba. Ya mtoto wa shule, inayotoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kuliwa saa nne, inataka mafuta pande zote mbili. Ya mlimani, au ya wenzetu wa Arusha wanaowafungashia wageni wa Tarangire na Ngorongoro, inataka kila kitu kilichomo kwenye mwongozo huu.

Hatua ya 2: Mkate wa jana

Mkate ulionunuliwa ukiwa bado na joto ni mtamu kwa chai lakini ni adui wa sandwichi. Ni laini mno, kisu kinauchana, na joto lake linaiyeyusha siagi iingie ndani badala ya kukaa juu. Tumia mkate uliolala usiku mmoja ndani ya mfuko wake, nje ya friji. Kwenye friji mkate mtupu unachakaa haraka kuliko mezani, kwa sababu wanga wake unajipanga upya na kukakamaa upesi zaidi kwenye ubaridi ule. Kama lazima uuhifadhi muda mrefu, ugandishe kabisa.

Ukitoa slesi, zitoe mbilimbili na uzifungue kama kitabu. Slesi mbili zilizopakana kwenye mkate ni mapacha, kingo zao zinalingana. Paka kurasa za ndani, kisha ukifunga zitakutana sawasawa na hapatakuwa na ukingo unaochungulia nje.

Hatua ya 3: Chagua mafuta yako

Siagi ya maziwa ndiyo bora kwa ladha. Kasoro yake ni bei, na kwamba inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi, na Moshi mchana wa Februari unapita nyuzi 30.

Majarini ndiyo tunayoitumia wengi, na jina la Blue Band limekuwa jina la ukoo mzima: mtu anakwenda dukani kuomba "blubendi" na kupewa ya kampuni nyingine, hakuna anayegomba. Majarini iligunduliwa Ufaransa mwaka 1869 na mkemia Hippolyte Mège-Mouriès, baada ya mfalme Napoleon III kutaka ipatikane siagi ya bei nafuu kwa ajili ya jeshi na watu wa kipato cha chini. Kwa kinga haina tofauti kubwa na siagi. Ila soma kopo. Zipo zilizoandikwa kwamba zina mafuta kidogo, asilimia 40 au chini yake. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji, na unachopaka ni nusu ya tatizo ulilotaka kulizuia. Kwa mtu anayepunguza mafuta mwilini zina kazi yake. Kwa sandwichi ya masafa hapana. Angalia pia kama kopo limetaja mafuta yaliyogandishwa nusu kwa haidrojeni. Hayo yana aina ya mafuta yanayoudhuru moyo, na siku hizi kuna chaguo la kuyakwepa.

Siagi ya karanga, kwa maoni yangu, ndiyo kinga kali kuliko zote. Karibu nusu yake ni mafuta, maji yake ni kama hakuna, na haikimbii kwenye joto. Kwa mkate wa jamu haina mpinzani: paka karanga kwenye slesi zote mbili, jamu ikae katikati imefungiwa, na mpaka mchana haijapenya. Lakini kama unampikia mtu usiyemjua, uliza kwanza kuhusu mzio wa karanga. Kwa mgeni wa mlimani hili si swali la adabu tu, kuna mtu anaweza kufa.

Parachichi tunalo, tena la kumwaga, kuanzia Marangu mpaka Meru. Lile la Hass, dogo lenye ngozi ya vinundu inayogeuka nyeusi, lina nyama nzito yenye mafuta na linapakika kama siagi. Yale makubwa ya kienyeji yenye ngozi laini mara nyingi yana maji zaidi, mazuri kwa juisi, kwenye mkate yanateleza. Ponda, kamulia ndimu lisiwe jeusi upesi, tia chumvi. Hata Hass lina maji mengi kuliko siagi, kwa hiyo nalitumia kwa sandwichi ya ndani ya saa mbili tatu. Likikaa zaidi, weka siagi nyembamba chini yake.

Samli ni mafuta matupu bila maji, inafaa sana kwenye kikaango. Kupaka kwenye mkate baridi inasumbua, ina chengachenga na kwa joto la hapa inageuka mafuta ya maji kabla hujamaliza slesi ya tatu.

Kuna na siagi ya kujitengenezea, kama una mama wa mlimani anayekuletea maziwa ya ng'ombe wa bandani. Chemsha maziwa, yapoe, yalaze mahali pa baridi, asubuhi engua utando wa juu. Kusanya utando wa siku tatu au nne kwenye friji. Ujaze nusu chupa yenye mdomo mpana, ukiwa wa baridi lakini si wa barafu, funga, tikisa. Dakika kumi za kwanza utadhani unapoteza muda. Kisha mlio unabadilika: ulikuwa unasikia kitu kizito kinajigonga taratibu, ghafla unasikia maji na donge. Chuja, na donge hilo lioshe kwa maji baridi safi, ukilikanda kwa mwiko, mpaka maji yatoke meupe ya kioo. Usipoliosha vya kutosha, maziwa yaliyobaki ndani yataichachusha baada ya siku mbili. Tia chumvi kidogo. Usitegemee wingi: lita 20 za maziwa zikikupa karibu kilo moja ya siagi, umebahatika.

Hatua ya 4: Ilainishe, usiiyeyushe

Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka, halafu wanaulaumu mkate.

Siagi ngumu kutoka friji inauchana mkate. Inaondoka na nyama ya slesi, inaacha mashimo, na kwenye kila shimo pana mlango wa maji. Siagi iliyoyeyuka ina tatizo baya zaidi kwa sababu halionekani: inazama ndani ya mkate na haiachi tabaka juu. Utaona slesi inang'aa, ukifikiri umepaka vizuri, kumbe umeloweka mkate kwa mafuta na juu hapana ukuta. Unataka iwe katikati ya hali hizo, yaani ukibonyeza kwa kidole kinaingia bila nguvu na shimo linabaki na umbo lake. Hiyo ni kwenye nyuzi 18 mpaka 20 hivi.

Moshi mwezi wa pili, toa siagi kwenye friji, osha vyombo viwili vitatu, imekuwa tayari. Ukienda kupokea simu ikawa ndefu, imeshapita. Arusha mwezi wa saba ni habari nyingine. Dada yangu anaishi kule, na asubuhi za Julai siagi yake inakaa mezani saa nzima na bado inamkatalia. Anachofanya ni kujaza glasi maji ya moto, kuyamwaga, kuikausha na kuifunika juu ya kipande cha siagi kwa dakika mbili tatu. Mimi nikiwa na haraka naikwangua kwenye kikwangulio cha karoti. Vipande vyembamba vinalainika palepale.

Kwa wanaoandaa nyingi, iko njia ya kudumu. Chukua gramu 100 za siagi iliyolainika, ongeza vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti, piga kwa uma mpaka iwe nyeupe na nyepesi, rudisha kwenye friji. Kesho itapakika ikitoka moja kwa moja kwenye baridi. Usizidishe mafuta ya alizeti, hayagandi kwenye friji, na siagi iliyozidiwa nayo haitasimama juani.

Hatua ya 5: Kupaka kwenyewe

Weka slesi juu ya ubao, si kiganjani. Kiganja kina joto na kinaikunja slesi. Chukua kisu cha mezani kisicho na meno. Chota kijiko cha chai kimoja kilichojaa vizuri, kama gramu 5 hadi 6, kwa kila uso wa slesi. Kwa hesabu hiyo kopo la gramu 250 linapaka slesi 40 na ushee, yaani sandwichi 20 au zaidi kidogo.

Weka siagi katikati, kisha isukume kwenye kona nne kwanza. Kona ndizo zinazosahaulika, na ukianza nazo hutazikosa. Kutoka kona fuata ukingo mpaka kisu kiguse ganda la mkate, uzunguke slesi nzima. Mwishoni rudi katikati ulaze kisu karibu bapa na kupitisha mara moja kufunga matundu yaliyobaki. Inua slesi uitazame kwa mwanga wa dirisha. Palipopakwa panang'aa, palipoachwa pana uvimbevimbe wa mkate mkavu. Kila doa kavu unaloliona, maji yataliona kabla yako.

Paka slesi zote mbili. Kuna watu wanapaka ya chini tu, wakisema maji yanashuka. Boksi likiingia kwenye begi la mgumu, kama wapagazi wa mlimani wanavyojiita, hakuna tena juu wala chini.

Sasa zipange slesi zikiwa wazi kwenye sinia na uziweke kwenye friji dakika kumi kabla ya kujaza. Mafuta yaganda, na tabaka lako linakuwa tabaka kweli. Hili peke yake liliniokoa kuliko mabadiliko mengine yote niliyofanya tangu ile simu ya kijiko.

Hatua ya 6: Punguza maji kabla hayajaingia

Mafuta yanazuia, hayafanyi miujiza. Kata nyanya, toa mbegu na ute wake kwa ncha ya kijiko, kula wewe au tia kwenye mchuzi. Panga vipande kwenye kitambaa safi, nyunyiza chumvi, subiri dakika kumi na tano, futa. Tango vivyo hivyo. Majani ya saladi ukishayaosha yakung'ute na kuyakausha kweli kweli. Tone moja lililojificha kwenye mkunjo wa jani linatosha kuharibu kona nzima. Kuku na nyama vipoe kabisa, maana vikiingia na moto siagi inayeyuka na mvuke wake unalowesha upande wa pili.

Kitunguu kibichi nakiacha nje ya masanduku ya masafa. Hakiloweshi sana, lakini harufu yake inahamia kwenye siagi, na siagi haisahau.

Hatua ya 7: Mpangilio

Mkate, siagi, kisha kitu kikavu kilicho bapa: jibini au jani la saladi. Kisha kuku. Nyanya na tango katikati kabisa ya yote. Kisha kuku au jibini tena kama kipo, siagi, mkate. Kile chenye maji mengi kikae mbali na mkate kwa kadiri inavyowezekana. Mayonizi, kama ipo, ichanganye na kuku badala ya kuipaka.

Bonyeza kwa kiganja taratibu, kata kwa kisu cha meno bila kukandamiza, funga kwa karatasi au uweke kwenye kontena lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na mlimani usimamizi wa takataka ni mkali, kwa hiyo kontena la kurudishwa linakuondolea maswali getini.

Kuhusu kukaa na kuharibika

Siagi inazuia maji. Haizuii bakteria. Niseme wazi kwa sababu nimewahi kuulizwa kama siagi nyingi inafanya kuku adumu. Haifanyi. Kuku, yai na mayonizi vikikaa kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili unaanza kucheza kamari, na joto likizidi nyuzi 32 hesabu saa moja. Sandwichi za mlimani zinalala kwenye friji zimefungwa vizuri, na zinasafiri na chupa za maji yaliyogandishwa katikati ya boksi. Najua nilisema friji inachakaza mkate. Ni kweli, ulaini kidogo unapotea, ingawa mkate uliopakwa na kufungwa unastahimili kuliko mtupu. Bora hivyo kuliko mtu kuendesha tumbo akiwa kambi ya Shira, huko juu mlimani.

Geti la Machame liko kwenye mita 1,800 hivi, karibu mita elfu moja juu ya mji wetu, na kila mita elfu joto linashuka kwa nyuzi 6 hivi. Mlima unakusaidia. Siagi iliyokuwa inalegea ndani ya basi, ikifika msituni inakaza tena. Wanaoelekea mbugani hawana bahati hiyo, vumbi na jua vinawafuata. Kwao mimi ningetumia siagi ya karanga, au jibini.

Kupaka nje: sandwichi ya kukaanga

Hapa mafuta yana kazi tofauti kabisa. Uso wa mkate una vilima na mabonde, na ukiuweka mkavu kwenye kikaango ni vilima tu vinavyoguswa na chuma. Utapata madoa meusi na sehemu nyeupe. Mafuta yanajaza mabonde, joto linafika kila mahali, na mkate unageuka kahawia sawasawa.

Paka upande wa nje kwa wembamba ukingo hadi ukingo, weka kikaango kwenye moto mdogo, funika dakika ya kwanza ili jibini liyeyuke, funua ili mvuke utoke. Siagi inanukia kuliko zote lakini chembe za maziwa ndani yake zinaungua upesi, na jiko la mkaa halina kitufe cha kupunguza. Tawanya makaa, au tumia samli, ambayo chembe hizo zimeshaondolewa na inavumilia joto kali. Mayonizi, niliyoisema vibaya huko juu, hapa inajirudishia heshima: inapakika ikiwa ya baridi, na inageuka rangi polepole na kwa usawa.

Ukiwa umechelewa na siagi hakuna

Inatokea. Saa kumi na moja alfajiri, gari linapiga honi, kopo limekwanguliwa mpaka chini. Usitie mafuta ya kupikia kwenye mkate, yatazama na kuufanya uwe mzito. Tandika jibini pande zote mbili lifunike mpaka ukingoni, na kama jibini halipo tandika jani kubwa la saladi lililokaushwa. Nyanya iweke kwenye kikontena chake kidogo chenye mfuniko, ikiwa nzima na imeoshwa, pamoja na chumvi iliyokunjwa kwenye kipande cha karatasi. Mwambie mwongozaji abebe kisu.